Chipu za Kisovieti na Mizani ya Skrapu ya Thika

Mashine ikifa katika Eneo la Viwanda Thika, huhesabiwa kwa kilo. Chuma kivyake, alumini kivyake, shaba kivyake. Zile bodi za kijani zilizokuwa zikiiongoza huingia gunia la peke yake, maana nazo zina mnunuzi. Anayeivunja hana haja ya kujua ilikotoka. Anachojua ni kwamba bodi yenye meno ya rangi ya dhahabu ina bei kuliko bodi ya redio, na chipu ya kauri ina bei kuliko chipu ya plastiki nyeusi. Mengine yote ni kazi ya mizani.

Kuna watu wengine wanaozitafuta chipu hizohizo, na hao hawana habari na mizani. Ni wakusanyaji wa prosesa za kale. Baadhi yao hutaka Intel za mwanzo tu, wengine Motorola, na kundi moja lenye ukaidi wa pekee hukusanya zilizotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti kabla haujavunjika Desemba 1991: chipu za Kyiv, Minsk, Riga, Voronezh na Zelenograd. Kundi hili lina bahati ambayo wenzao hawana. Chipu ya Kisovieti imeandikwa karibu habari zake zote mgongoni, na mwenye kujua kuisoma haombi msaada wa mtu.

Ichukue moja mkononi. Ni nyeusi, ya plastiki, urefu wake sentimita 5 hivi, ina miguu 20 kila upande. Juu yake pameandikwa КР580ВМ80А. Msomaji wa Kenya ataiona kama KP580BM80A, na wauzaji wengi mtandaoni huiandika hivyohivyo, kwa hiyo anayeitafuta hana budi kuitafuta kwa majina yote mawili. Kwa Kirusi ile P ni R na ile B ni V. Jina lake halisi ni KR580VM80A. Herufi ya kwanza, K, inasema chipu ni ya matumizi ya kawaida ya kiraia. R inasema kasha lake ni la plastiki; ingekuwa M, kasha lingekuwa la kauri. Tarakimu 5 inaonyesha kwamba saketi yote imo katika kipande kimoja cha silikoni, na 580 kwa ujumla ni ukoo wake. VM ndiyo kazi: prosesa. Nayo 80A inaelekeza kidole kwa Intel 8080A ya Marekani, ambayo chipu hii inafanya kazi yake.

Ukishaijua hii, ndugu zake hawakusumbui. VV55 ni chipu ya kuingiza na kutoa data, sawa na Intel 8255. VI53 ni ya kupima muda, sawa na 8253. Ukiona RU, hiyo ni kumbukumbu ya kuandika na kufuta; RF ni ile yenye kidirisha cha kioo, hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Mtu aliyejifunza herufi hizi kwa jioni moja anaweza kupanga gunia zima la bodi za Kisovieti bila kufungua kitabu. Ukimpa gunia la chipu za Kimarekani atakwama mapema, kwa sababu namba kama 8080 au 6502 ni sawa na namba ya simu: haikwambii chochote mpaka umjue mwenyewe.

Tarehe nayo ipo, ila ina mitego. Tarakimu 4 za 8903 zinaweza kuwa Machi 1989 au wiki ya 3 ya mwaka huo, maana viwanda vilitumia mitindo yote miwili. Ikiandikwa 8947 hakuna ubishi, mwaka hauna miezi 47. Katika miaka ya mwisho ya Muungano baadhi ya viwanda viliacha tarakimu vikatumia herufi: U kwa 1986, V kwa 1987, W kwa 1988, X kwa 1989, na A kwa 1990. Jina pia lilibadilika njiani. Kabla ya katikati ya miaka ya 1980 prosesa hii iliitwa KR580IK80A, na kabla ya hapo kulikuwa na K580IK80 yenye miguu 48 badala ya 40. Hiyo ya miguu 48 ndiyo inayowafanya wakusanyaji washindane kwa bei.

Halafu kuna kinachokosekana. Ikiwa herufi K haipo kabisa, na pembeni pamepigwa alama ndogo ya almasi, chipu hiyo ilipita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi. Silikoni ya ndani yaweza kuwa sawasawa na ya dada yake wa kiraia. Kilichotofautiana ni majaribio iliyopitishwa, na mara nyingi kasha lenyewe, la kauri na dhahabu.

Jaribio la kuitambua chipu ya Kisovieti lisilodanganya kirahisi ni la vernia, chombo cha kupimia ambacho kila karakana ya Thika inacho. Kwingi duniani miguu ya chipu za aina hii hupangwa kwa inchi: kutoka mguu hadi mguu ni sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.54. Wasovieti walikuwa watu wa mita, wakaamua iwe milimita 2.5 kamili. Tofauti ya milimita 0.04 haionekani kwa jicho, na kwenye chipu ndogo ya miguu 14 haina madhara. Lakini kwenye chipu ya miguu 40 kuna nafasi 19 kila upande, na 19 mara 0.04 ni milimita 0.76. Jaribu kuipachika kwenye soketi ya Kimarekani: miguu ya katikati itaingia, ya mwishoni itakataa mpaka uikunje. Wasovieti wenyewe walilijua tatizo hilo, ndiyo maana chipu za kuuza nje walizitengeneza kwa kipimo cha inchi na kuzitangulizia herufi Э. Kwa mtafutaji wa Afrika Mashariki, hiyo Э ndiyo ya kutarajiwa zaidi.

Ya kutarajiwa, ndiyo, ila si kwa wingi. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani. Kuna Kenya Vehicle Manufacturers, iliyoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya ikiunganisha malori. Kuna Del Monte ya mananasi, Bidco ya mafuta ya kupikia, Thika Cloth Mills ya vitambaa. Na ukishuka Ruiru unakutana na Spinners and Spinners ya nyuzi. Prosesa za kwanza kufika mji wa namna hii hazikuja ndani ya kompyuta ya mezani. Zilikuja zimefungiwa kwenye kabati la umeme la mashine, zikihesabu makopo au kusimamisha mtambo uzi ukikatika. Ni miaka ya Zilog Z80 na Intel 8085, zote za 1976, na ya mitambo ya Siemens Simatic S5 iliyotoka 1979. Mashine za viwanda vyetu zilinunuliwa zaidi Ulaya Magharibi na Japani, na ni siasa iliyoamua hivyo kabla prosesa yenyewe haijabuniwa.

Aprili 1965 meli ya Kisovieti iitwayo Fizik Lebedev ilitia nanga Mombasa ikiwa na shehena ya silaha. Rais Jomo Kenyatta alizikataa, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba silaha zenyewe ni kuukuu. Mwaka huohuo serikali iliifunga Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa Desemba 1964 ikiwa na wakufunzi kutoka Moscow. Taasisi hiyo ilikuwa Roysambu, pembeni mwa Barabara ya Thika, na jina lake limebaki kwenye Lumumba Drive, ambako leo watu wengi hupita wakitafuta nyumba ya kupanga bila kuuliza kwa nini paliitwa hivyo. Kisumu walibaki na hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, na wakazi bado wanaiita Russia. Zaidi ya hapo, mlango wa biashara ulikuwa umerudishwa nusu.

Waliopita kwenye nusu iliyobaki wazi ni wanafunzi. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichofunguliwa 1960 na baadaye kupewa jina la Patrice Lumumba, kiliwasomesha Wakenya, Watanzania na Waganda wengi, madaktari na wahandisi. Ukiuliza prosesa ya Kisovieti itapatikana wapi Kiambu, jibu la busara ni sandukuni mwa mhandisi mstaafu, ndani ya kikokotoo cha Elektronika MK-61. Kikokotoo hicho hukubali kuandikiwa programu, na ndani yake mna chipu za mfululizo wa K745IK13. Ndugu yake, MK-52, alisafiri angani kwenye chombo cha Soyuz TM-7 mwaka 1988. Sanduku la namna hiyo likifunguliwa baada ya mazishi, kwa kawaida huishia jalalani.

Zanzibar ingekuwa shamba zuri zaidi la kuwinda. Baada ya mapinduzi ya 1964 visiwa viliitambua Ujerumani Mashariki, mafundi wake wakaja kujenga majumba ya ghorofa Kikwajuni, na kiwanda cha Erfurt baadaye ndicho kilichonakili Z80 na kuiita U880. Kwa upande wa Bara, Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, hivyo mkusanyaji atakuta pengo la miaka mingi.

Wasovieti nao walikuwa na pengo lao. Mji wa Zelenograd, nje kidogo ya Moscow, uligeuzwa kitovu cha elektroniki ndogondogo mwaka 1962, na kati ya waliomshawishi kiongozi wa Kisovieti, Nikita Khrushchev, walikuwamo wahandisi wawili Wamarekani waliotoroka kwao: Alfred Sarant, aliyejiita Filipp Staros, na Joel Barr, aliyejiita Iosif Berg. Kwa miaka mingi hata wafanyakazi wenzao hawakujua walikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Moscow ilikata shauri kufuata usanifu wa IBM 360 badala ya kuendeleza kompyuta zake yenyewe, na kutoka hapo kunakili kukawa sera. Nchi za Magharibi zilizuia mauzo ya teknolojia kupitia kamati ya COCOM. Wasovieti wakawa wanazipata chipu kwa njia za kificho, wanazifungua tabaka kwa tabaka chini ya hadubini na kuzichora upya.

Wamarekani walijua. Wahandisi wa kampuni ya DEC walipotengeneza chipu ya CVAX miaka ya 1980 walichora kwenye silikoni yake sentensi ya Kirusi, yenye makosa ya sarufi, ya kuwatania wezi watakaoifungua: kwamba wakiiba, angalau wameiba kilicho bora. Herufi hizo hazionekani ila kwa hadubini, na zililengwa kwa msomaji mmoja tu upande wa pili wa dunia.

Hata hivyo, anayesema chipu za Kisovieti zote ni nakala hajazisoma vizuri. Mfululizo wa K1801 ulitumia amri za kompyuta ya DEC PDP-11, lakini silikoni yake ilichorwa na Wasovieti wenyewe; prosesa ya K1801VM1 ndiyo iliyokuwa ndani ya BK-0010, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980. Kabla yake kulikuwa na Elektronika 60, iliyotumia chipu za K581, na hizo kweli zilifuata mfano wa Kimarekani. Ni kwenye Elektronika 60 ambapo Alexey Pajitnov aliandika Tetris mwaka 1984. Mtoto wa mtaa wa Makongeni aliyecheza brick game ya kununuliwa sokoni, ile yenye michezo 9999 iliyokuwa kwa kweli michezo michache tu, alikuwa anacheza kazi iliyozaliwa juu ya chipu hizo.

Turudi kwa dhahabu, maana huko ndiko chipu nyingi zilikokufa. Vifaa vya Kisovieti viliuzwa na hati iitwayo pasipoti, na hati hiyo ilitaja kwa gramu, hadi nukta kadhaa za desimali, dhahabu, fedha na platini iliyomo. Serikali iliandika hivyo ili siku moja madini yarudishwe kwake. Muungano ulipovunjika, karatasi ileile ikawa mwongozo wa machinjio: mtu alisoma pasipoti, akajua mashine gani ya kuvunja kwanza. Kompyuta nzima za vyuo na viwanda zilisagwa katika miaka ya 1990. Hadi leo vijisehemu vya kuhifadhi umeme (kapasita) vya aina ya KM, vya kijani au vya rangi ya chungwa, hung'olewa kimoja kimoja kwa ajili ya paladi na platini.

Mchezo huo umefika hapa bila pasipoti. Kwenye simu kuna video zisizohesabika za kuyeyusha chipu kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki, na vijana hujaribu nyuma ya nyumba wakivuta moshi wa kahawia unaounguza mapafu. Bodi zikichomwa hutoa risasi na sumu nyingine zinazobaki udongoni. Na faida? Kasha la plastiki jeusi, ambalo ndilo lililojaa magunia ya Thika, lina utando wa dhahabu usiolipa hata bei ya asidi. Ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa. Wa Thika wanaotaka kuziondoa bodi zao kwa njia salama hawana safari ndefu: kituo cha WEEE Centre kiko Utawala, kwenye Eastern Bypass, barabara iletayo watu hadi Ruiru.

Biashara yenyewe ina sheria. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 humtaka mnunuzi awe na leseni, na Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya skrapu kwa muda. Mkusanyaji anayenunua bodi kwa mtu asiyeeleza alikoitoa anajitafutia kesi.

Je, kuna pesa? Asidanganywe mtu. KR580VM80A ya kawaida huuzwa kwa dola chache, na gharama ya kuituma Ulaya inaweza kuzidi bei yake. Intel C4004 ya 1971, ya kauri nyeupe na dhahabu, hununuliwa kwa mamia ya dola na zaidi. Kati ya hizo mbili kuna ngazi ndefu, na kinachoipandisha chipu ni hali yake: mguu uliovunjika hushusha bei papo hapo, na patasi ya mvunjaji huvunja miguu mingi. Chipu ing'olewe kwa hewa moto, taratibu, risasi ikiwa imeyeyuka pande zote. Halafu ichomekwe kwenye sponji jeusi lisilohifadhi umeme. Kabla ya hapo bodi nzima ipigwe picha, kwa sababu chipu yenye habari ya mashine ilikotoka ina mnunuzi kuliko ile iliyookotwa.

Pamba yenye asetoni, ambayo wengi huitumia kugundua maandishi ya kughushi, itumike kwa hadhari. Kwenye chipu mpya zilizochorwa kwa leza, wino ukitoka ni dalili ya udanganyifu. Chipu nyingi za Kisovieti ziliandikwa kwa rangi tangu kiwandani, na asetoni itaifuta halali pamoja na bandia. Ni salama zaidi kutazama mikwaruzo ya msasa mgongoni, na kulinganisha alama ya kiwanda na tarehe.

Kwa kijana wa chuo kikuu cha JKUAT pale Juja anayetaka kuanza, Z80 na jamaa zake ndio mlango rahisi. Zilog ilitangaza Aprili 2024 kwamba inasitisha kuitengeneza Z80 ya asili baada ya miaka 48, hivyo kila moja iliyomo kwenye kabati la kiwanda sasa haina mbadala mpya. Toleo la Kisovieti, KR1858VM1, lilitokana na U880 ya Wajerumani, na hilo laweza kuthibitishwa bila kutazama maandishi hata kidogo. Chipu hupachikwa kwenye bodi ya majaribio, hulishwa umeme wa volti 5, kisha hupewa amri iitwayo OUTI na kusomwa biti moja ya hali, ile ya kubebea. Z80 ya Zilog inajibu hivi, U880 na watoto wake wanajibu vile. Hata ikifutwa jina, ikapakwa rangi na kuandikwa Zilog upya, itajibu jibu la Erfurt.